Kupima Hb kwa kidole bila sindano kwenye chumba cha dharura: mwongozo kamili kwa walio zamu

Saa nane za usiku, kwenye chumba cha dharura hapa Moshi, mashine mbili zinaweza kulala kwenye troli moja zikafanana kama pacha. Zote zina klipu ya kidole, zote zinatoa mwanga mwekundu, zote zinalia kufuata mapigo. Moja inapima oksijeni. Nyingine inapima oksijeni na Hb, yaani kiwango cha hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Kijana mmoja aliyekuwa nasi kwenye mafunzo ya vitendo aliitazama ile ya kwanza akawaambia ndugu wa mgonjwa, "Msiwe na wasiwasi, damu yake iko tisini na tisa." Mgonjwa mwenyewe viganja vilikuwa vyeupe kama karatasi.

Tisini na tisa ile ni asilimia ya hemoglobini iliyobeba oksijeni. Ni sawa na kuambiwa Hiace zote zilizopo stendi zimejaa abiria. Hujaambiwa ziko ngapi. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye Hb ya 14 hubeba kama mililita 18 katika kila desilita ya damu, mwenye Hb ya 5 hazifiki 7, na wote wawili oksimita ya kawaida, ile mashine ya oksijeni tu, itawaandikia 98. Kwa hiyo kabla ya yote geuza mashine usome maandishi ya nyuma, na uangalie probu yake, yaani kile kipande kinachovishwa kidoleni. Kama haikutengenezwa kupima hemoglobini, haitapima hata ukiibembeleza.

Namba inatoka wapi

Oksimita ya kawaida, ambayo wazo lake alilianzisha Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970, hupitisha kidoleni aina mbili za mwanga: mwekundu na infraredi. Mashine za Hb, kama za Masimo zilizoingia sokoni mwaka 2008, hupitisha mawimbi saba au zaidi, zinapima kila wimbi limefyonzwa kiasi gani kadiri damu inavyopwita, kisha zinakokotoa. Nyingine, kama ya OrSense, hukivisha kidole gumba pete inayokibana kidogo na kusoma mwanga wakati damu imesimama.

Neno la kushika hapo ni "zinakokotoa". Hakuna tone la damu lililoonekana. Usahihi unaotangazwa na mtengenezaji wa Masimo ni gramu 1 kwa desilita juu au chini, kwa Hb iliyo kati ya 8 na 17, na hiyo "1" ni ya kitakwimu: vipimo viwili katika kila vitatu vitaangukia ndani yake, cha tatu kitaangukia nje. Skrini ikisema 9, ukweli unaweza kuwa 8 au 10 bila mashine kuwa na kosa lolote, na mara chache unaweza kuwa 7. Halafu angalia lile eneo lenyewe: linaishia 8. Maamuzi mengi ya kuongeza damu tunayafanya chini ya hapo.

Nimeshaona watu wakisoma maelezo haya wakaitupa mashine kabatini. Nayo si haki. Inakupa kitu ambacho maabara haiwezi kukupa, namba inayojisasisha kila baada ya muda mfupi bila kumchoma mtu, na hilo usiku wa manane lina thamani yake. Ila ijue mipaka.

Hatua ya kwanza: mkono wako kabla ya klipu

Shika mkono wa mgonjwa. Ni wa moto au wa baridi? Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, achia, hesabu: ikipita sekunde 3 kabla rangi haijarudi, damu haifiki kidoleni vizuri, na mashine inayosoma kidole haitakuwa na cha kusoma. Vuta kope la chini utazame weupe wake. Angalia kiganja. Pima presha na mapigo, kisha gawanya mapigo kwa presha ya juu. Mapigo 120 na presha ya juu 100 ni 1.2, ikifika 1 na kuendelea, huyo ni mgonjwa anayeweza kuwa anatoka damu hata kama anaongea na wewe vizuri.

Hayo yote yanachukua dakika moja na nusu. Andika, ndipo uchukue klipu. Mpangilio huu una sababu: ukianza na skrini, jicho lako litaanza kutafuta dalili za kuitetea namba uliyokwisha kuiona.

Hatua ya pili: kidole

Tumia kidole cha pete au cha kati, mkono usio na kanula ya dripu wala mkanda wa presha. Mkanda ukijaa upepo, damu inakatika na mashine inapoteza wimbi. Mkono uliovunjika au uliovimba uache.

Kisha kucha. Huku kwetu rangi ya kucha ni nusu tu ya tatizo. Bibi harusi wa wiki iliyopita atakuja na hina mpaka kwenye kifundo, na piko nyeusi juu ya ncha za vidole. Rangi ya kucha inatoka kwa asetoni. Weka kichupa kwenye droo ya troli na ukijaze mwenyewe, maana hakuna atakayekumbuka. Hina na piko hazitoki. Tafuta kidole ambacho hakikupakwa, na kama vyote kumi vimepakwa, achana na kipimo hiki, nenda kwenye tone la damu. Kucha za kubandika nazo vivyo hivyo: usipoteze dakika kumi kuzing'oa mtu akiwa na maumivu ya tumbo.

Mwezi wa saba ndio mgumu zaidi. Arusha hasa, mtu aliyepakiwa nyuma ya pikapu kutoka Usa River usiku, vidole vinakuja kama vimetoka kwenye friji. Funika mkono kwa blanketi, au uweke ndani ya viganja vyako wewe mwenyewe ukiwa na glavu, dakika tatu nne. Usitumie chupa ya maji ya moto: ngozi isiyopata damu vizuri inaungua upesi, na kidonda hicho utakielezea wewe.

Mwanga wa nje pia unaingilia. Ikiwa taa ya kuchunguzia iko juu ya kitanda, funika probu kwa kitambaa kizito. Zile probu za kubandika zinakuja na ngao yao ya kuzuia mwanga. Usiitupe ukidhani ni karatasi ya kufungashia.

Hatua ya tatu: ngoja, halafu soma vitu vitatu

Klipu ikishakaa, mwambie mgonjwa atulize mkono. Mgonjwa anayetetemeka kwa baridi au homa ataipa mashine kazi bure. Namba ya kwanza kutokea usiiandike. Ngoja itulie walau dakika mbili.

Soma kwanza herufi PI. Hicho ni kipimo cha nguvu ya mpwito wa damu kidoleni. Mimi nikiona chini ya 1 siandiki Hb ya mashine, naandika "haikusomeka". Wenzangu wengine wana ustahimilivu kuliko mimi. Pili, angalia kama kuna alama ya kuonya kwamba ishara ni dhaifu. Namba inayomwekamweka au vistari badala ya namba maana yake mashine yenyewe imekiri. Tatu ndiyo Hb.

Hapo kwenye Hb kuna mtego unaostahili kusimuliwa. Tuliwahi kupewa mashine ya msaada, imetumika Ulaya, nzuri, mpya kwa macho. Usiku wa kwanza ikaonyesha 8.1 kwa kijana mwenye afya tele aliyekuja kushonwa kidole. Muuguzi akaanza kumuuliza kama anakunywa pombe, kama anakula mboga. Mashine ilikuwa imepangwa kwenye milimoli kwa lita. Milimoli 8.1 ni gramu 13 kwa desilita. Kijana alikuwa mzima. Fikiria mambo yangekuwa kinyume: mtu anasoma 8 akidhani ni gramu kumbe ni milimoli, anazoea kwamba "hii mashine inashusha", halafu siku fulani inatokea 5, ambayo ni gramu 8 tu, naye anaipuuza. Fungua menyu, angalia kipimo kimeandikwaje, na ubandike plasta yenye maneno "GRAMU KWA DESILITA" juu ya skrini. Kuna mashine zinazosoma gramu kwa lita pia, ambapo 130 ndiyo 13.

Menyu hiyohiyo ina mpangilio wa wastani: namba inaweza kuwa wastani wa dakika moja au wa dakika kadhaa. Kwa dharura chagua mfupi. Ukiuacha mrefu, unasoma habari ya zamani.

Anayetoka damu sasa hivi

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Chukua chungu cha mtori, umwage nusu. Uliobaki ni mzito uleule. Haujawa mwepesi, umepungua tu. Utakuwa mwepesi ukiongeza maji. Damu nayo ni hivyo. Mtu akipoteza lita moja na nusu, anapoteza seli na maji yake pamoja, na kila desilita iliyobaki ndani ya mishipa ina hemoglobini ileile iliyokuwa nayo asubuhi. Hb inaanza kushuka pale mwili unapovuta maji kutoka kwenye tishu, jambo linalochukua saa kadhaa, au pale wewe unapoweka dripu. Hili haliihusu mashine ya kidole peke yake. Hata maabara bora kuliko zote itakupa Hb nzuri ya mtu anayekufa.

Dereva wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, aligongwa barabara ya Arusha, aliletwa na wenzake wanne wakiwa bado wamevaa kofia ngumu. Anaongea. Mapigo 124, presha 102 kwa 70. Vidole baridi. Nilimpasha mkono moto, nikapata PI ya 1.3 na Hb ya 13.2. Nakiri: nilivuta pumzi. Nikamwambia daktari, "Damu anayo." Daktari alikuwa mtu mzima, hakunijibu, alimshika kijana tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu, kijana akaruka. "Sista, piga simu benki ya damu." Altrasaundi ikaonyesha maji meusi pembeni ya bandama. Baada ya lita moja na nusu ya dripu mashine ileile ilisoma 8.9. Ile 13.2 ilikuwa sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyeiuliza swali ambalo haiwezi kulijibu.

Tangu hapo nina kanuni moja ninayowafundisha wanaokuja zamu yangu: namba ya kidole inaruhusiwa kukuongezea wasiwasi, hairuhusiwi kukuondolea. Ikisoma chini, harakisha. Ikisoma juu na mgonjwa anaonekana vibaya, mwamini mgonjwa. Kwa mwenye jeraha anayetoka damu, au mama aliyejifungua anayevuja, kundi la damu na ulinganishaji viagizwe, dawa ya traneksamiki, ya kupunguza kutoka damu, ianze ndani ya saa 3 tangu kuumia au kujifungua, gramu 1 taratibu kwenye mshipa kwa dakika 10, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri Hb. Mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi halikadhalika. Mwanamke wa umri wa kuzaa aliyezimia na ana maumivu ya tumbo, pima mimba, usikae unasubiri mashine itulie.

Na kuna upande wa pili wa mtori: dripu. Ukimwaga lita mbili za maji ya chumvi kwa mtu ambaye hatoki damu tena, Hb itashuka vilevile, kwa kuzimuliwa tu. Ndiyo maana kila namba lazima iandikwe na kiasi cha dripu kilichoingia mpaka dakika hiyo. Bila hivyo, anayepokea zamu hawezi kujua kama anaangalia damu inayotoka au maji yaliyoingia.

Hatua ya nne: hakikisha kwa tone la damu

Kabla ya kuongeza damu kwa sababu ya Hb pekee, pata namba ya damu halisi. Kama maabara iko mbali au umeme una mambo yake, kipimo cha tone kama HemoCue kinatosha: maikrolita 10 na chini ya dakika moja. Choma pembeni ya ncha ya kidole, futa matone ya kwanza, acha linalofuata litoke lenyewe. Usikamue. Ukikamua unachanganya damu na maji ya tishu, halafu unalaumu mashine. Ukipata majibu mawili, la kidole na la damu, yaandike pamoja na saa zake. Tofauti kati yao ndiyo itakayokusaidia usiku mzima: kama kidole kilisoma 9.6 na damu 8.5, basi kwa mgonjwa huyu mashine inapandisha kwa 1.1 hivi. Mashine nyingine zinakuruhusu kuingiza jibu la maabara ili zijirekebishe. Ukifanya hivyo bandika alama, maana mgonjwa anayefuata akivalishwa bila kufuta marekebisho atabeba kosa la mwenzake.

Manjano makali huvuruga usomaji, kwa hiyo kwa mgonjwa wa selimundu mwenye macho ya njano nenda moja kwa moja kwenye damu. Mtu aliyelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, jambo la kila msimu wa baridi huku, oksimita ya kawaida itamdanganyia oksijeni nzuri. Mashine ya mawimbi mengi inaweza kuonyesha pia kiasi cha hemoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksaidi kama ina uwezo huo. Mpe oksijeni kwanza, soma baadaye.

Hatua ya tano: fuatilia mwenendo

Hapa ndipo mashine inalipa. Ukishakuwa na namba ya kuanzia iliyothibitishwa, acha probu kidole kilekile, mkono uleule, uandike kila dakika 15 kwa saa ya kwanza. Mtelemko ndio habari. Kutoka 11.4 kwenda 11.0 ni kelele za kawaida. Kutoka 11.4 kwenda 10.6, kwenda 9.9, dripu ikiwa imefungwa na PI haijabadilika, ni mtu anayevuja mahali. Mwite daktari. Kama PI nayo imeporomoka, mwite vilevile, lakini mwambie kwamba namba zimeacha kuaminika kwa sababu mzunguko umedhoofika. Hiyo nayo ni taarifa, tena mbaya.

Kwa rufaa ya kutoka Arusha kuja Moshi, kilomita 80 za malori na matuta, mashine hii ndiyo itakayokupa Hb ndani ya gari bila kumchoma mtu. Mtikisiko utaharibu nusu ya vipimo. Soma gari likisimama, foleni ya Boma Ng'ombe inatosha. Na benki ya damu ya mpokeaji ipigiwe kabla hamjaondoka, msiingoje namba ya njiani.

Mtu aliyeshuka Mlima Kilimanjaro mpe fikra ya pekee. Mpagazi au mgeni aliyekaa siku sita kuelekea mita 5,895 anashuka damu yake imekuwa nzito, kwa kupungukiwa maji na kwa mwili kuzoea hewa nyepesi. Hb ya 14 kwake inaweza kuwa tayari ni hasara. Muinuko una hesabu yake hata kwa sisi tunaoishi chini: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unataka kutoa 0.8 kwenye Hb ya anayeishi kati ya mita 1,000 na 1,499, yaani Arusha mjini, na 0.4 kwa mita 500 hadi 999, yaani Moshi, kabla ya kusema huyu ana upungufu wa damu au hana. Hiyo ni hesabu ya kliniki ya wajawazito na tafiti. Kwenye dharura usianze kutoa wala kujumlisha.

Watoto

Tumia probu ya uzito wake. Klipu ya mtu mzima kwenye kidole cha mtoto wa miaka miwili inapitisha mwanga pembeni na kukupa namba ya kubuni. Kwa wadogo bandika kidole gumba cha mguu kama probu inaruhusu. Mtoto mwenye malaria aliyepauka huamuliwa kuongezewa damu kwenye namba ambazo mashine ya kidole haiziwezi: Hb ya 4 au chini, au kati ya 4 na 6 akiwa na dalili za hatari kama kupumua kwa shida au kuzimia. Kwa hiyo kwake kidole ni cha kuchuja tu, na mama akikuambia "mwanangu amekuwa mweupe tangu juzi", chukua tone la damu hata kama skrini inasema 9. Usimjaze dripu ya haraka wakati unasubiri. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa 2011, ulionyesha watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi kuliko ambao hawakupewa.

Kuandika na kusafisha

Andika mstari mzima, usiandike namba tupu. Mfano: "04:10, Hb kidole 9.6, kidole cha pete kushoto, PI 2.1, dripu lita 1 imeingia. Hb ya tone 8.5 saa 04:05." Tumia saa za tarakimu nne, 04:10 au 16:10. Kwenye faili zetu nimeshaona "saa 4.10" ikisomwa na mmoja kama alfajiri na mwingine kama saa nne ya asubuhi, saa sita nzima zikapotea katikati ya mtelemko wa Hb.

Probu ya kudumu ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti, pande zote mbili za ndani, iachwe ikauke, usiichovye. Damu iliyokauka kwenye kijidirisha cha mwanga ni sababu ya kwanza ninayoitafuta ninapoambiwa mashine imeharibika. Ya pili ni waya uliokunjwa kwa kuzungushiwa mguu wa troli. Uviringe kwa ulegevu na uutundike.